Je, wajua baiskeli hupitaje kwenye theluji?

Mpwa wangu anaishi Minneapolis, Marekani, na kila dhoruba ya theluji ikipita hunitumia video. Katika ile ya mwisho theluji pembeni mwa njia inafika magotini, kila kitu ni cheupe, na yeye yuko juu ya baiskeli anakwenda kazini. “Mjomba, leo ni nyuzi 12 chini ya sifuri,” anasema, na mvuke unamtoka mdomoni kama jiko la mkaa lililomwagiwa maji. Nilimwonyesha fundi wangu wa baiskeli pale kijiweni Magomeni, hapa Dar es Salaam. Aliiangalia mara mbili, akairudisha nyuma hadi pale tairi linapopita karibu na kamera, kisha akauliza, “Halitelezi?”

Linateleza. Lakini ni kiasi gani, inategemea linakanyaga theluji ya namna gani, na hapo ndipo swali la fundi linapokuwa tamu.

Sisi tuna neno moja tu, theluji, nalo tumelichukua kwenye Kiarabu. Mwaka 1848 mmisionari Johannes Rebmann alipokiona kilele cheupe cha Kilimanjaro, mwenyeji aliyekuwa akimwongoza hakuwa na jina la ule weupe, akauita baridi. London nako wataalamu wa jiografia walikataa kabisa kuamini kwamba theluji inaweza kukaa karibu na ikweta. Kwa mwendesha baiskeli, hata hivyo, theluji ni mambo manne yasiyofanana. Ile iliyoanguka usiku huu, kavu na laini, ni sawa na mchanga mkavu wa Kigamboni: gurudumu linazama, usukani unajikatia unakotaka wenyewe. Ikishindiliwa na matairi na miguu kwenye baridi kali, inakuwa ngumu kama uwanja wa udongo uliopigwa jua, na hapo baiskeli inapita vizuri kuliko mtu anavyodhani. Ikianza kuyeyuka inakuwa rojo, mfano wa uji mzito. Na rojo hilo likiganda tena usiku, asubuhi unakuta barafu, na barafu ndiyo inayovunja watu mikono.

Kwa nini barafu inateleza, wanasayansi wamebishana kwa zaidi ya miaka 150. Michael Faraday wa Uingereza aliamini tangu katikati ya karne ya 19 kwamba juu ya barafu kuna utando mwembamba mno unaofanana na maji, hata kabla haijayeyuka. Wengine walisema uzito wa mtu ndio unaoiyeyusha kwa kuikandamiza, lakini hesabu zilionyesha kwamba mkandamizo huo ni mdogo mno. Mwaka 1939 watafiti wawili, Bowden na Hughes, walionyesha kwamba msuguano wenyewe huzalisha joto la kuyeyusha juu juu. Kwa hiyo tairi na barafu havigusani sawasawa; katikati yao kuna kilainishi. Ndiyo maana, kwa tairi la mpira, barafu iliyo karibu na nyuzi 0 ni hatari kuliko ya nyuzi 20 chini ya sifuri. Baridi ikizidi, utando ule unapungua, mpira unashika. Mpwa wangu anaogopa zaidi siku za nyuzi 1 au 2 kuliko zile za kugandisha kope.

Chukua baiskeli inayokwenda kilomita 18 kwa saa, mwendo wa kawaida wa mtu anayewahi kazini. Kwenye lami kavu, ukishika breki zote mbili vizuri, unasimama ndani ya mita 2 na nusu hivi. Kwenye barafu, ambako mshiko unaweza kushuka hadi sehemu moja ya kumi ya uzito wako, unahitaji karibu mita 13. Hizo ni kama Coaster mbili zilizopangwa nyuma na mbele. Halafu bado una kona. Kwenye kona baiskeli lazima ilale kidogo, na ikilala inalitegemea tairi lisichomoke chini yake. Waendeshaji wa huko wamejifunza kupunguza mwendo kabla ya kona, kukaa wima, kuiacha breki ya mbele ipumzike, na kuzungusha pedeli taratibu bila kushtua.

Nilipomweleza fundi habari ya tairi, aliacha kazi aliyokuwa anafanya. Tuseme mgongo wa baiskeli, yaani gurudumu la nyuma, unabeba kilo 55. Tairi limejazwa upepo wa kilo 4 kwa kila sentimita ya mraba. Kipande cha tairi kinachogusa ardhi kitakuwa kama sentimita 14 za mraba, pungufu ya kiberiti. Toa upepo hadi kilo 2, kipande hicho kinakuwa mara mbili, kwa sababu tairi linatandaza mguu wake mpaka upepo uliomo uweze kuubeba uzito. Kwenye theluji laini, mguu mpana hauzami. Watu wa Alaska, waliokuwa wakishindana kwa baiskeli kwenye njia za theluji tangu miaka ya 1980, walilichukua wazo hilo hadi mwisho. Walianza kuunganisha rimu mbili ubavu kwa ubavu ili kupata upana, na baadaye yakaja matairi ya inchi 4 yanayojazwa upepo kidogo hivi kwamba unaweza kuyabonyeza kwa kidole gumba. Mguso wake ni zaidi ya sentimita 100 za mraba, kama kiganja kilichofunguliwa. Wakati huohuo, kusini kabisa mwa Marekani, jangwani, wengine walikuwa wanatengeneza rimu na matairi mapana ili wapite mchangani. Baiskeli tuliyo nayo leo ya matairi manene ilizaliwa na theluji na mchanga kwa pamoja.

Fundi alicheka kwa furaha. Miaka yote amekuwa akiwapunguzia upepo wateja wanaokwenda Kigamboni, na hakujua kwamba Alaska nako wanafanya hivyohivyo. Ila alinionya kama anavyowaonya wao: ukizidisha, shimo la kwanza tu rimu inaibana tyubu, unapata pancha mbili kwa mpigo, moja kila upande. Nikamwongezea jambo ambalo yeye hana haja ya kulijua kijiweni kwake. Kule, tairi lililojazwa sebuleni kwenye joto la nyuzi 20 likitolewa nje kwenye nyuzi 12 chini ya sifuri hupoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi ya nguvu ya upepo bila kutoboka popote. Hewa ikipoa hunywea.

Upepo mdogo hausaidii kwenye barafu ngumu. Huko dawa ni njumu, kama za viatu vya mpira wa miguu: vichwa vidogo vya chuma kigumu sana vilivyopandwa kwenye tairi, mia na zaidi kwa tairi moja, ambavyo huchoma barafu kila gurudumu linapozunguka. Mpwa wangu anasema kwenye lami tupu vinalia kama mvua juu ya bati.

Na kuna maudhi madogomadogo ambayo dereva wa gari hayajui. Rojo hujaa kati ya tairi na madigadi, likaganda, gurudumu likakwama. Grisi iliyomo kwenye kitovu cha nyuma huwa nzito, yale meno yanayonasa wakati wa kupiga pedeli yanashindwa kunasa, na miguu inazunguka bure huku baiskeli imesimama. Chumvi inayomwagwa njiani hula cheni. Hili la chumvi halihitaji maelezo kwetu. Aliyewahi kuegesha baiskeli karibu na Coco Beach msimu mzima anajua upepo wa bahari unavyoifanya cheni iwe nyekundu.

Baridi yenyewe, jambo ambalo wengi huanza kuuliza, ndiyo ndogo kuliko yote. Nguvu anayotumia mwendesha baiskeli, kiasi cha robo tu ndiyo inayosukuma pedeli. Inayobaki hutoka mwilini kama joto. Dakika kumi za mwanzo unatetemeka, baada ya hapo unafungua zipu. Vidole na masikio ndivyo vinavyohitaji ulinzi. Joto hilohilo Dar ndilo linalotufikisha ofisini shati limelowa.

Lakini matairi, njumu na nguo havitoshi kumfikisha mpwa wangu kazini. Anafika kwa sababu kabla hajaamka kuna mtu amepita. Njia anayotumia inaitwa Midtown Greenway, kilomita 9 hivi, imewekwa ndani ya handaki la wazi ambamo zamani treni zilipita, na kwa sehemu kubwa barabara za magari zinavuka juu yake kwa madaraja. Theluji ikianguka, gari dogo lenye koleo pana mbele huisafisha. Copenhagen, mji mkuu wa Denmark, njia kuu za baiskeli zimo katika zile zinazosafishwa mwanzo kabisa. Oulu, mji wa Finland wenye watu zaidi ya 200,000, uko kilomita 170 tu kusini mwa Mzingo wa Aktiki, na theluji hukaa chini miezi kama mitano. Huko kwenye njia nyingi hawahangaiki kufika hadi kwenye lami. Wanaikwangua ile ya juu, wanaiacha ya chini iliyoshindiliwa, wanaichora mifereji midogo kwa meno ya mashine na kumwaga kokoto kali ili tairi lishike. Chumvi haina kazi kubwa kwenye baridi kali, kwa sababu ikipita kiwango fulani maji yenye chumvi nayo huganda. Watoto wanakwenda shule hivyo, kwa baiskeli za kawaida. Mwaka 2013 mji huo ulikuwa mwenyeji wa kongamano la kwanza la dunia la uendeshaji baiskeli wakati wa baridi, na sidhani kama kuna mji uliostahili zaidi.

Mpwa wangu aliniambia neno ambalo nimekuwa nikilifikiria tangu siku hiyo. Siku ya dhoruba si mbaya. Siku mbaya ni ya tatu. Dhoruba ikipita, magari ya kusafisha barabara kubwa husukumia theluji pembeni, na pembeni ndipo njia ya baiskeli inapoingilia. Mchana jua linaiyeyusha ile rundo, maji yanatiririka yanavuka njia, usiku yanaganda. Asubuhi kuna barafu nyembamba isiyoonekana, hasa mahali ambapo hapakuwa na theluji kabisa. Kila mtu ameshasahau dhoruba, na ndipo watu wanapoanguka.

Nilipomsikia niliona Jangwani, lile bonde letu la hapa Dar. Mto Msimbazi unaanzia kwenye vilima vya Pugu, unakusanya udongo na takataka za njia nzima, na masika yakikolea unajitandaza pale chini, juu ya barabara ya Morogoro. Maji yakijaa barabara inafungwa, mwendokasi unasimama, kila mtu anajua kuna hatari na hakuna anayepita kwa baiskeli. Kisha maji yanatoka, magari yanaanza kupita, na magurudumu yanausukuma ule udongo hadi kando, kwenye njia ya waenda kwa miguu na baiskeli. Unabaki hapo. Si mwingi, mahali pengine haufiki unene wa ukucha. Ni udongo laini kama unga wa muhogo, na ukilowa unafanya kazi ileile ya utando wa maji juu ya barafu: unaitenganisha lami na mpira.

Mimi nilianguka hapo mwezi wa nne, siku ya pili baada ya mafuriko, jua likiwaka. Sikuwa na mwendo mkubwa. Nilikata kidogo kumkwepa mama aliyebeba ndoo, gurudumu la mbele likatoka, nikajikuta nimelalia bega na baiskeli iko mita tatu mbele yangu. Kijana mmoja aliyekuwa anasukuma baiskeli ya madafu alinishika mkono, akasema, “Pole kaka, hapa hatupandi.” Kweli hakupanda. Alikuwa ameshuka kabla ya tope, na alipovuka alichukua kijiti akaanza kulikwangua lililonasa kwenye madigadi, taratibu, upande mmoja kisha wa pili, madafu yakitikisika kwenye kamba. Hivyohivyo mpwa wangu hukwangua rojo lake kwa bisibisi.

Kuna na utelezi mwingine wetu ambao hauhitaji mafuriko. Miezi ya kiangazi lami hukusanya mafuta ya injini, unga wa matairi na vumbi. Mvua ya kwanza ikinyunya, maji yanachanganyika na hayo yote kabla hayajapata nguvu ya kuyaosha. Kwa hiyo dakika zile za mwanzo, wakati watu wengi wanakazana kupiga pedeli wawahi kufika kabla haijakaza, ndizo lami inapokuwa mbaya kuliko baada ya nusu saa ya mvua kubwa. Michirizi ya rangi ya barabarani na mifuniko ya chuma ya mashimo huteleza zaidi ya lami. Nikiikuta mvua hiyo, siku hizi nasimama chini ya paa la duka nakunywa kahawa.

Tope la Jangwani lingeweza kuondolewa kwa chepeo na mifagio ndani ya asubuhi moja, likiwa bado bichi, kabla halijakauka na kuwa vumbi la kuvuta puani. Gharama yake haifanani hata kidogo na ile ya kupambana na theluji ya miezi mitano. Na wanaopita pale kwa baiskeli ni wauza madafu, mikate na kahawa, mafundi na walinzi wanaotoka zamu ya usiku, watu ambao wakivunjika mkono nyumbani hakupikwi.

Jumamosi nilirudi kijiweni na baiskeli yangu, usukani umepinda kidogo. Fundi aliunyoosha, akalibana tairi la mbele kwa kidole gumba, akatikisa kichwa. Akaubonyeza mdomo wa tyubu, upepo ukatoka kwa mlio mfupi, akalibana tena. “Masika yote uje nalo hivi,” akasema. “Na mwambie mjomba wake anakusalimu.” Alichanganya, mjomba ni mimi, lakini salamu nilizifikisha.