Madafu hayana kosa, na hilo huenda si busha

Juzi mjomba mmoja kutoka upande wa Nachingwea aliniletea mpwa wake wa miaka 27. Akaketi kabla sijamkaribisha. "Dokta, huyu ana busha kama la marehemu baba yake. Mpige picha tu, tumpeleke akapasuliwe." Kijana akaongeza lile neno ambalo nikilisikia tena nitalibandika mlangoni kama tangazo: "Tena haliumi hata kidogo."

Mimi si dokta, ni mpiga altrasaundi. Nimeshaacha kusahihisha.

Haliumi. Sijui nani alitufundisha huku kusini kwamba ugonjwa usiouma ni mgeni wa kupita. Korodani ikiuma ghafla, usiku wa manane, na kichefuchefu juu, hiyo imejisokota: una kama saa 6 kabla haijafa, kwa hiyo panda bodaboda, usinisome mimi. Ikivimba na homa huku mkojo unachoma, mara nyingi ni maambukizi. Saratani ya korodani kwa kawaida haina fujo. Ni kipande kigumu kama kokoto, upande mmoja, kinakua kimyakimya kwa kijana mwenye nguvu zake, hasa kati ya miaka 15 na 40. Wapo wachache wanaoumwa, na wapo wanaosikia uzito tu, kama kitu kinavuta kinenani. Kwa hiyo ukiniambia haiumi, hujanituliza.

Nakubali kwamba hapa kila uvimbe wa huko chini unaitwa busha kwa sababu mara nyingi ni busha kweli. Pwani yetu ni nchi ya matende na mabusha. Kinacholeta ni minyoo inayosambazwa na mbu, ndiyo maana mmekuwa mkigaiwa zile dawa za kumeza, kazi iliyoanzia Mafia mwaka 2000. Wanaosema busha huletwa na madafu wanayasingizia bure. Minyoo ile hukaa kwenye mirija ya limfu, ile inayorudisha majimaji ya mwili kwenye damu, na ikiwa hai naiona kwenye kioo changu ikijinyonganyonga kama uzi kwenye maji yanayochemka. Sisi tunaita ngoma ya minyoo. Nazi ikicheza ngoma sijaona.

Sasa sikilizeni tofauti, maana hapa ndipo ninapopoteza subira. Busha ni maji yanayoizunguka korodani. Kwenye kioo maji ni meusi tii, na korodani inaelea katikati, ya kijivu, laini, sawasawa kama ugali uliosongwa vizuri. Saratani inakuwa ndani ya ule ugali wenyewe: doa lenye rangi tofauti, mara nyingi jeusi kuliko nyama inayolizunguka, na nikiwasha kipimo cha mtiririko wa damu kwenye mashine naona mishipa inapita humo.

Kuna wanaotumia tochi ya simu gizani. Maji hupitisha mwanga, nyama haipitishi. Ni kipimo cha zamani na si kibaya, ila kinaishia njiani. Busha la miaka mingi lina ngozi nene, mwanga unagoma, mtu anaingia hofu bure. Kibaya zaidi, korodani yenye saratani inaweza kujitengenezea maji yake pembeni. Unamulika, unaona pekundu panapendeza, unasema "busha", na kokoto limejificha nyuma ya maji. Kijana mwenye maji mapya asiyejua yametoka wapi, mimi siangalii maji, naangalia nyuma yake.

Na tafadhali, msimwachie mtu wa duka la dawa anyonye hayo maji kwa sindano. Kama ndani kuna saratani, sindano inaifungulia njia ya kwenye ngozi ya mfuko wa korodani ambako haikuwa na haja ya kufika. Ndiyo maana daktari wa upasuaji akishuku saratani hapasui mfuko kama anavyopasua busha. Anaingilia kinenani na kuitoa korodani nzima. Na hapana, hakuna kukata kipande kidogo kwanza "tukapime". Ile nzima ndiyo inayopimwa. Moja inayobaki, ikiwa nzima, inatosha kwa uanaume na kwa watoto. Kabla ya upasuaji watakutoa damu, ni vipimo vya kawaida, sitavieleza.

Jambo moja kwa wazazi. Mtoto ambaye korodani yake haikushuka ana hatari kubwa zaidi akikua, na hurekebishwa vizuri akiwa na mwaka 1 hivi. Wengi wetu tunagundua siku ya jando, mtoto ana miaka 8. Umechelewa, lakini mlete. Kabla ya jando hesabuni: ziko mbili?

Sasa nikiri. Altrasaundi haisemi "saratani". Inasema kuna kitu kigumu ndani, na kifua kikuu cha korodani kinaweza kunidanganya vilevile. Mwaka wangu wa pili kazini niliandika "maambukizi", mgonjwa akameza dawa wiki 6, akarudi na kikohozi. Kumbe ni saratani, na tayari ilikuwa mapafuni. Tangu siku ile naandika "arudi baada ya dawa" kwa herufi kubwa, hata wenzangu wakinicheka.

Nakiri pia kwamba ugonjwa huu ni nadra kwetu Waafrika, na jopo la Marekani mwaka 2011 lilishauri watu wasio na dalili wasihangaishwe na uchunguzi. Sina ugomvi nalo. Ila wanaokuja kwangu si watu wasio na dalili. Ni watu walioligusa kokoto bafuni mwezi wa tano, wakanyamaza, wakasubiri korosho ziuzwe mnadani ndipo waje. Kinachoniumiza ni kwamba saratani hii inatibika kuliko nyingi: tangu dawa ya sisplatini iingie kazini miaka ya 1970, hata iliyosambaa mara nyingi huponywa. Lance Armstrong, mwendesha baiskeli wa Marekani, alikutwa nayo mwaka 1996 ikiwa mapafuni na kwenye ubongo, akapona. Mataji ya mbio aliyonyang'anywa baadaye ni kesi nyingine.

Kijana wa Nachingwea alikuwa na maji kidogo tu. Nyuma ya maji, ndani ya korodani ya kulia, doa lenye ukubwa wa korosho iliyobanguliwa. Nilizungusha kifaa mara tatu nikitamani liwe kitu kingine. Nikampa karatasi aipeleke kwa daktari siku ileile, si baada ya msimu. Akaniuliza, "Si ni busha, dokta?" Nikamwambia hapana, mdogo wangu, na kinachofuata atakieleza daktari.

Mjomba hakutoka naye. Alifunga mlango taratibu, akashusha sauti.

"Na hili langu? Nina nalo mwaka wa 19."

Nikatandika shuka jipya, nikamwambia, "Panda, mzee wangu. Jeli ni ya baridi."