Kushona sio kipaji cha kuzaliwa nacho

Kuna hii kauli "fulani ana mkono mzito, cherehani hataiweza", watu wanaiamini kabisa na vijana wengi wanaacha ufundi mapema mno. Si kweli jamani. Cherehani ya miguu inamsumbua karibu kila anayeanza, maana miguu inakanyaga pedeli huku mikono inaongoza kitambaa, na ukikanyaga vibaya gurudumu linarudi nyuma, uzi unajisokota na kukatika. Ndo maana mafundi wengi wanakuanzishia kwenye karatasi, tena bila uzi, unafuata mistari ya daftari na matundu ya sindano yanakuonyesha wapi umepinda, unarudia na kurudia mpaka miguu inazoea yenyewe, hapo akili yote inabaki kwenye kitambaa. Na kidogo kidogo kila siku inasaidia kuliko kukomaa siku moja kutwa nzima. Maneno ya fundi nayo yana uzito sana, ila "hongera" tupu haitoshi, kama wewe ndo fundi mwambie mwanafunzi wako "huu mstari umenyooka kuliko wa jana, sasa punguza mwendo kwenye kona", anajua cha kurudia. Ukimwita mzito mbele ya wateja ataogopa hata kuigusa mashine.