Judit Polgár hakuwahi kuwa bingwa wa dunia wa wanawake

Akitajwa Judit Polgár wa Hungaria, wengi husema alikuwa bingwa wa dunia wa sataranji kwa wanawake. Sivyo. Taji hilo hakuwahi hata kuligombea; aliyelitwaa, mwaka 1996, ni dada yake mkubwa, Susan.

Kwa wanawake alicheza kwa nadra, hasa Olimpiadi za sataranji (mashindano ya timu za mataifa) za 1988 na 1990, ambako Hungaria ilibeba dhahabu. Baada ya hapo akahamia kwa wanaume moja kwa moja. Desemba 1991, akiwa na miaka 15 tu, alishinda ubingwa wa taifa mbele ya wanaume, akawa grandmasta, cheo cha juu kabisa cha wachezaji wa sataranji, na kuvunja rekodi ya Mmarekani Bobby Fischer ya mwaka 1958 ya grandmasta mwenye umri mdogo zaidi.

Mchezo wa kuutazama ni ule wa Moscow, 2002, dhidi ya Garry Kasparov, Mrusi aliyekuwa bingwa wa dunia zamani, ambaye aliwahi kuwabeza wanawake katika sataranji. Malkia walitoka ubaoni mapema, mfalme wa Kasparov akanasa katikati bila kinga, na hatimaye akasalimu amri.

Mwaka 2005 aligombea ubingwa wa dunia wenyewe huko San Luis, Argentina. Alishika mkia kati ya wanane, lakini kufika pale hakuna mwanamke mwingine aliyewahi.