Kumweleza mtoto habari za pombe na mairungi si kumfundisha kuvitumia

Kuna ujumbe unaozunguka tena na tena katika makundi ya wazazi hapa Uganda: "Usimtajie mtoto wa miaka 13 waragi (pombe kali), bangi wala mairungi (miraa); utamwamshia hamu." Si kweli.

Hamu haitoki kwenye maelezo ya mzazi. Mairungi yaliyofungwa kwa jani la mgomba huuzwa kando ya stendi ya boda, na mtoto huyapita asubuhi akiwa na sare yake. Ukitaka kuhakikisha, muulize kwa upole: "Mwanangu, hii unaijua?" Kisha nyamaza, usikilize. Huenda akakutajia hata majina ya mitaani usiyoyajua.

Wazazi huchanganyikiwa kwa sababu vitisho vitupu kweli havisaidii. Ukisema bangi huua papo hapo, naye amemwona jirani akivuta na yu hai, hatakuamini tena. Mweleze yaliyo kweli: ubongo huendelea kukomaa hadi karibu miaka 25, na anayeanza mapema hunaswa kwa urahisi zaidi. Mairungi hufukuza usingizi, na usingizi ndio unaosaidia kuhifadhi alichosoma.

Tafadhali, ujumbe huo ukikufikia usiusambaze. Uishie kwenye simu yako, kisha mwite mwanao mzungumze.