Mradi unaoongozwa na wanafunzi: nani aliyeamua?

Katika maonyesho ya shule siku hizi hukosi meza yenye kompyuta mpakato moja, bango la rangi, na vijana wanne waliovaa fulana za kufanana. Kwenye kompyuta kuna gemu. Bango linasema huu ni mradi wa teknolojia, usanifu wa gemu na ujasiriamali, "unaoongozwa na wanafunzi". Sasa muulize kijana yeyote kati ya hao wanne kwa nini mchezaji akigongwa mara tatu gemu inaisha, kwa nini isiwe mara tano. Atageuka kumtazama mwalimu.

Maana yenyewe haina fumbo. Ni kazi ambayo kikundi cha wanafunzi kinabuni gemu, kinaiandikia programu, kisha kinajaribu kuifikisha kwa watu wa kuicheza au kuinunua, na maamuzi makubwa tangu mwanzo hadi mwisho yako mikononi mwao. Upande wa teknolojia hautuchukulii muda. Scratch, programu ya kuwafundisha watoto kuandika programu, iliyotoka chuo kikuu cha MIT cha Marekani mwaka 2007, ni ya bure, ina toleo lisilohitaji intaneti na inasomeka kwa Kiswahili. Anayetaka makubwa zaidi ipo Godot, programu ya kutengenezea gemu, nayo haiuzwi. Ukishapata kompyuta na umeme (ndiyo, najua), vifaa vingine si kisingizio.

Usanifu wa gemu unaeleweka vibaya kidogo. Wengi wakisikia neno hilo hufikiria picha: askari, magari, milima yenye ukungu. Lakini picha zinaweza kuwa za vijiti na gemu ikawa tamu. Msanifu ni yule anayeamua mchezaji anaruhusiwa nini, anahatarisha nini, anapata nini, na kwa nini atake kurudia. Watoto wetu wanaifanya kazi hiyo bila kompyuta. Kwenye rede, anayejaza mchanga kwenye chupa huku mpira unapita juu ya kichwa chake lazima achague: aongeze mkono mmoja wa mchanga, au ainuke akwepe? Wakiona chupa kubwa inamla mtu mmoja jioni nzima, wanaleta ndogo. Wasichana wa darasa la nne wanaokubaliana hivyo uwanjani wanasanifu gemu, na hakuna mtu mzima aliyewatuma. Programu ya maswali na majibu inayotoa nyota kwa kila jibu sahihi, kwa upande mwingine, ni mtihani uliopakwa rangi. Inaweza kusaidia, sikatai, ila haina uamuzi wowote ndani yake zaidi ya kujua au kutojua.

Hayo tuyaache. Kinachonikera ni hilo la kuongoza.

Sote tunajua risala ya mgeni rasmi inavyotengenezwa. Inaanza na "sisi wanafunzi wa shule hii", inaomba maji, madawati na uzio, inasomwa na mwanafunzi mwenye sauti nzuri, na imeandikwa na mwalimu usiku wa kuamkia sherehe. Mgeni rasmi anajua, wazazi wanajua, msomaji mwenyewe anajua. Hakuna anayedanganyika, kwa hiyo hakuna anayelalamika. Miradi mingi ya gemu ninayoonyeshwa ni risala iliyochomekwa kwenye umeme. Mwalimu, au shirika lililotoa kompyuta, limechagua mada, limechagua muundo, limeandika sehemu ngumu ya programu, limemtafuta mtu wa kuchora nembo. Vijana wamejaza yaliyobaki, kisha wamefundishwa namna ya kuieleza kazi mbele ya kamera. Tofauti na risala ni kwamba huku tunakubali kudanganyika.

Mwaka 1992 mtafiti Roger Hart aliandika, kwa ajili ya kituo cha UNICEF kilichoko Florence, Italia, insha kuhusu ushiriki wa watoto, na ndani yake akachora ngazi yenye vipago vinane. Wazo la ngazi alilichukua kwa Sherry Arnstein, aliyeandika mwaka 1969 kuhusu ushiriki wa wananchi katika mipango ya miji ya Marekani. Vipago vitatu vya chini vya Hart, alivyosema havistahili kuitwa ushiriki, ni watoto kutumiwa kwa ajenda ya wakubwa, watoto kuwa pambo, na watoto kuwekwa kwa jina tu. Mfano wake wa pambo ni watoto kuvalishwa fulana za jambo fulani na kuimba au kucheza kwenye shughuli ambayo hawaelewi inahusu nini. Zaidi ya miaka 30 imepita na fulana ni zilezile.

Watu wanaoitaja ngazi hiyo mara nyingi hawafiki juu kabisa. Wangefika wangeshangaa, maana kipago cha nane si watoto wakiwa peke yao. Watoto kuanzisha na kuendesha wenyewe ni kipago cha saba. Cha nane ni watoto kuanzisha na kuamua pamoja na watu wazima. Wapo waliobishana kuhusu mpangilio huo wa viwili vya juu, lakini kwangu mimi una maana. Mtoto anayemwita mtu mzima mezani, akamsikiliza, na bado akabaki na haki ya kumkatalia, anaongoza kuliko aliyeachwa peke yake kwenye chumba cha kompyuta mpaka kengele ilie. Kwa hiyo mwalimu anayesema "mimi nimewaachia, ni mradi wao" na kwenda kunywa chai naye hajatenda haki. Kutelekeza ni kosa jingine, lenye jina lake.

Wala mwalimu kuchagua mada peke yake hakuufanyi mradi kuwa wa uongo. Katika miaka ya 1980 Idit Harel, aliyekuwa MIT chini ya Seymour Papert, mtafiti wa namna watoto wanavyojifunza kwa kompyuta, aliwapa watoto wa darasa la nne huko Boston kazi ya kuunda programu za kompyuta za kuwafundisha hesabu za sehemu watoto wadogo kuliko wao. Baadaye Yasmin Kafai aliendeleza wazo hilo kwa gemu. Mada ilikuwa ya watafiti: sehemu, nusu na robo, somo ambalo hakuna mtoto wa miaka kumi angelichagua kwa hiari. Lakini kila mtoto alijenga ya kwake, kwa hadithi yake na wahusika wake, na aliamua mwenyewe kosa la mchezaji liwe na adhabu gani. Kwenye ngazi ya Hart hicho ni kipago cha sita, mtu mzima kaanzisha na maamuzi yanagawanywa. Ni mahali pa heshima kabisa. Ila si cha nane.

Swali ninalotumia kupima ni hili: ni nani angeweza kuufuta mradi? Kila gemu inafika siku ambapo sehemu iliyokula wiki tatu inaonekana haifai. Anayeruhusiwa kuitupa ndiye kiongozi, hata kama hajawahi kushika kipanya. Vivyo hivyo anayeweza kusema tumeshindwa, tusimamishe. Katika miradi mingi ya shule hakuna mwanafunzi mwenye ruhusa hiyo, kwa sababu tarehe ya maonyesho imeshapangwa, mfadhili ameshaalikwa, na bango limeshachapwa.

Linganisha na wasichana watano wa Kisumu, Kenya, waliojiita The Restorers. Mwaka 2017 waliingia Technovation, shindano la kimataifa la wasichana wanaotengeneza programu za simu na kuziandalia mpango wa biashara, wakiwa na i-Cut, programu ya kumwezesha msichana aliye katika hatari ya kukeketwa kuomba msaada na kuokolewa. Mwaka 2019 waliingia katika orodha ya mwisho ya Tuzo ya Sakharov, tuzo ya haki za binadamu ya Bunge la Ulaya. Haikuwa gemu, lakini muundo ni uleule: teknolojia, usanifu, biashara. Walikuwa na walezi, na kanuni za shindano zinamruhusu mlezi kushauri bila kuifanya kazi yenyewe. Walieleza kwamba jamii yao haina desturi hiyo, ila walikuwa na rafiki aliyefanyiwa. Sababu hiyo haitoki kwenye andiko la mradi la mtu mzima.

Kwa upande wa gemu, hadithi inayopendwa ni ya Narbacular Drop, gemu ya mwaka 2005 ya wanafunzi wa DigiPen, chuo cha kutengeneza gemu nchini Marekani. Kampuni ya Valve iliiona, ikawaajiri, na mwaka 2007 wazo lao la milango miwili inayounganisha sehemu mbili likatoka upya katika gemu ya Portal. Inasimuliwa kama mfano wa ujasiriamali wa wanafunzi. Kwa kweli ni mfano mzuri sana wa wanafunzi kupata ajira. Gemu waliiongoza wenyewe. Biashara ilikuwa ya Valve. Nusu moja ya maneno yale, wanafunzi kuongoza, ilikuwa ya kweli, na nusu ya pili, ujasiriamali, haikuwa, na hilo halikuwapunguzia kitu.

Anayetaka nusu zote mbili amtazame Rovio. Mwaka 2003 wanafunzi watatu wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki, Finland, walishinda shindano la kutengeneza gemu za simu, wakaanzisha kampuni. Angry Birds ilitoka Desemba 2009, na ilikuwa gemu yao ya 52. Soma tena hiyo namba. Kati ya kikombe cha ushindi na gemu iliyowatajirisha kuna miaka sita, gemu 51, na kipindi ambacho kampuni ilikaribia kufilisika. Ujasiriamali wa gemu uko katika kipindi hicho, pale mtu asiyekufahamu na asiye na sababu ya kukuonea huruma anapoipakua kazi yako, anaicheza kwa dakika moja, anaifuta. Mzazi anayenunua tiketi ya kuicheza siku ya maonyesho si soko. Ni mzazi.

Na hapa kuna jambo la sheria ambalo mabango hayalitaji. Kufungua akaunti ya kuchapisha programu Google Play kunagharimu dola 25 mara moja. Apple wanataka dola 99 kila mwaka. Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, dola 100 kwa kila gemu. Ada hizo zinapatikana kwa mchango. Kisichopatikana ni umri: Google inataka mwenye akaunti awe na miaka 18. Mwanafunzi wa kidato cha pili hawezi kuwa mwenye akaunti, kwa hiyo mtu mzima anaifungua kwa jina lake, malipo yanaingia kwake, na siku kijana akihama shule gemu inabaki alipo mtu mzima. Simlaumu anayefungua akaunti, maana bila yeye hakuna kitakachochapishwa. Lakini karatasi moja iliyoandikwa mapema, inayosema haki ni ya nani na shilingi ikipatikana inagawanywaje, ingekuwa ushahidi mkubwa wa uongozi wa wanafunzi kuliko fulana mia. Hata vyuo vikuu hutofautiana hapa: kwa utaratibu wa DigiPen, gemu zinazotengenezwa na wanafunzi wake ni mali ya chuo. Ajabu haipo katika utaratibu huo. Ajabu ni shule zetu kutolifikiria jambo hili kabisa, kama kwamba kazi ya mtoto haiwezi kuwa na thamani ya kugombaniwa.

Ugonjwa huu hatukuanza nao kwenye gemu. Wakenya wanakumbuka mtaala wa umilisi, CBC, ulipoanza kudai kazi za mikono kutoka nyumbani, na wazazi wakajikuta usiku wa manane wakishona sanamu ya kutishia ndege ili mtoto aende nayo shuleni asubuhi. Tanzania sasa ina mkondo wa amali, yaani wa ufundi na stadi za kazi, katika sekondari, na miradi itaongezeka. Alama zikiwekwa kwenye kitu kilichokamilika, mtu mzima ataingiza mkono kukikamilisha, kwa upendo kabisa. Zikiwekwa kwenye maamuzi, yaani nini kilitupwa, nani alipinga, wachezaji wa kwanza walikwama wapi na nini kikabadilishwa, hakutakuwa na cha kumfanyia mtoto. Daftari chafu lenye tarehe na mistari iliyokatwa lingetosha.

Kwa hiyo, mwalimu mwenzangu unayeandaa bango la mwaka huu, sikuombi uuondoe mradi. Ikiwa mada ni yako, ratiba ni yako na programu ngumu umeiandika wewe, andika "mradi wa darasa la teknolojia" na jina lako chini. Umefundisha, na kufundisha hakuhitaji kujificha. Ikiwa mada ni yako lakini kanuni za gemu ni zao, andika "gemu zilizosanifiwa na wanafunzi". Na ikiwa waliwahi kukukatalia jambo la maana ukakubali yaishe, andika "unaoongozwa na wanafunzi" kwa herufi kubwa utakavyo, halafu mgeni rasmi akiuliza kwa nini mara tatu na si tano, wewe tazama pembeni.