Je, wajua kwa nini lori la dizeli huishiwa nguvu ilhali pampu yake ni nzima?

Dereva wa Fuso ya zamani iliyosheheni saruji, akianza kuupanda mlima wa Kitonga mkoani Iringa, hukanyaga mafuta mpaka pedali ikafika sakafuni, na bado injini humwitikia kivivu, kana kwamba mguu umeishia njiani. Akifika gereji, neno la kwanza analoambiwa ni kwamba pampu ya nozeli imechoka na ni lazima ishushwe. Huenda ikawa kweli. Lakini yako malori mengi ambayo pampu yake haina kosa lolote, ila amri ya mguu wa dereva haiifikii ikiwa kamili, kwa sababu fimbo na viungo vinavyounganisha pedali na pampu vimelika au vimefungwa kwa kipimo kisicho chake.

Katika injini ya petroli yenye kabureta, mguu hufungua kilango cha hewa. Injini ya dizeli ya lori la aina hii haina kilango hicho. Huvuta hewa yote inayoweza kuvuta, na nguvu yake hupimwa kwa kiasi cha mafuta peke yake. Ndani ya pampu ya mstari, aina ambayo kampuni ya Bosch ilianza kuitengeneza kwa wingi nchini Ujerumani mwaka 1927, kila silinda ya injini ina pistoni yake ndogo iliyochongwa mfereji wa mshazari. Fimbo yenye meno ikisogea, pistoni hizo zote huzungushwa kidogo kwa pamoja, na kadiri mfereji unavyochelewa kuyafungulia mafuta njia ya kurudi, ndivyo mengi zaidi yanavyosukumwa kwenda kwenye nozeli.

Mguu wa dereva, hata hivyo, hauachiwi fimbo hiyo uishike utakavyo, kwa kuwa dizeli iliyopewa mafuta bila kizuizi huweza kuzunguka kwa kasi mpaka ikajivunja. Ndiyo maana nyuma ya pampu kuna gavana, yenye vizito vinavyotanuka kadiri mzunguko unavyoongezeka na springi inayovirudisha. Katika gavana ya mwendo wote, mkono ulio nje ya pampu hukaza springi hiyo, kwa hiyo pedali huagiza mwendo, kisha gavana yenyewe hutafuta kiasi cha mafuta kinachofaa. Katika aina nyingine, inayopatikana kwenye malori mengi ya barabarani, gavana husimamia mwendo wa chini kabisa na wa juu kabisa tu, na hapo katikati mkono huisogeza fimbo yenye meno kwa kupitia wenzo. Iwe aina hii au ile, mkono usipofika mwisho wa safari yake, lori halipati haki yake.

Mkono huo huchezea kati ya skrubu mbili. Moja huuzuia pale injini inapotulia, mwendo ambao mafundi wengi wa Tanzania huuita sailensa, na nyingine huuzuia kwenye mwendo wa juu. Tuseme kutoka skrubu hadi skrubu ni nyuzi (digrii) 40, na kwamba njiani kuna viungo vinne vilivyolika, kila kimoja kikila uzi mmoja. Nyuzi 4 zimepotea, yaani asilimia 10 ya safari nzima, na zimepotea upande wa mwisho, palepale dereva anapozihitaji mlimani.

Uchunguzi wake hauhitaji mashine. Injini ikiwa imezimwa, utingo huketi kwenye kiti cha dereva na kukanyaga pedali mpaka mwisho, huku fundi akiinama na tochi kuutazama mkono wa pampu. Fundi ajaribu kuusukuma mbele kwa kidole: ukisogea tena, amri ilikuwa haijafika. Kinyume chake nacho ni kibaya, kwani mkono ukigota kwenye skrubu kabla pedali haijafika kwenye kizuizi chake, uzito wote wa mguu huangukia mkono na ekseli yake, na fimbo hupinda pole pole. Yatakiwa pedali na mkono vifike mwisho kwa wakati mmoja.

Bushi na vichwa vya fimbo vilivyolika hubadilishwa kwanza, maana kurekebisha kiungo kinachocheza ni kupima nguo kwa kamba inayovutika. Ndipo nati za kufungia hulegezwa, na fimbo huzungushwa ili irefuke au ifupike. Nyingi zina hesi ya kulia upande mmoja na ya kushoto upande wa pili, kwa hiyo hakuna haja ya kuifungua. Pedali ikiachiwa, springi iurudishe mkono mpaka ukalie skrubu ya sailensa. Ikiwa fimbo inatosheleza upande mmoja na kuupunja mwingine, tatizo si urefu bali ni uwiano, na kichwa cha fimbo huhamishiwa tundu lililo karibu zaidi na ekseli ya mkono, ili mwendo uleule wa fimbo uuzungushe mkono zaidi.

Kishawishi kikubwa ni ile skrubu ya mwendo wa juu, iliyofungwa waya na lakiri ya risasi. Kuilegeza ili kuficha upungufu wa fimbo ni kosa: haiongezi kiasi cha mafuta ya mzigo kamili, ambacho kina kipimo chake kingine, na siku fimbo itakapotengenezwa injini itazunguka kupita kiasi, hata valvu zikaweza kugongana na pistoni. Skrubu hiyo ni ya karakana ya pampu.

Utazamwe pia waya wa kuzimia injini, ambao usiporudi wote huishikilia fimbo yenye meno isifungue mafuta sawasawa. Na kabla hata spana haijatolewa kwenye sanduku, liinuliwe zulia la mpira lililo chini ya pedali. Likiwa nene au limejikunja, lenyewe latosha kuzila zile nyuzi 4.