Unene wa Miwani Unaanzia Kwenye Fremu

Hela ya korosho ikishaingia, huku Mtwara mjini, kwenye duka langu la miwani, nakuwa naijua sentensi ya kwanza kabla mteja hajaketi: "Dada, niwekee ile lenzi nyembamba kuliko zote, hela ipo." Hela kweli ipo. Shida ni alichoshika mkononi: fremu ya miwani ya jua pana kama kisahani cha chai, na macho yake ni minasi nane, yaani haoni mbali na anahitaji lenzi kali. Nimelijibu hili mara nyingi mno, sasa naliandika nipumzishe koo.

Wengi wanaamini wembamba unanunuliwa kwenye lenzi. Kwa mwenye minasi kubwa, wembamba unaanza na fremu, lenzi inafuata. Lenzi ya minasi ni nyembamba katikati na inanenepa kuelekea pembeni, tena hainenepi kidogokidogo: umbali kutoka katikati ukiongezeka mara mbili, unene unaoongezeka ni mara nne. Ndiyo maana milimita chache za upana zinakuumiza.

Tazama ndani ya mkono wa fremu yako. Utakuta kitu kama 58-16-140. Ya kwanza ni upana wa lenzi moja, ya pili ni nafasi ya puani, ya tatu ni urefu wa mkono, zote kwa milimita. Jumlisha mbili za mwanzo, unapata 74. Kama mboni zako zimeachana milimita 62, inabidi katikati ya kila lenzi niisogeze milimita 6 kuelekea puani ili ikae mbele ya mboni, na ukingo wa upande wa sikio unabaki milimita 35 kutoka katikati. Kwa minasi nane, hata nikikupa indeksi 1.74 (namba ya lenzi kupinda mwanga: ikiwa kubwa, lenzi inakuwa nyembamba), ukingo huo utaizidi katikati kwa karibu milimita 6.6. Sasa chukua fremu ya 48-18 kwa macho yaleyale. Ukingo uko milimita 26 tu, na plastiki ya kawaida ya 1.50 inaongezeka kama milimita 5.4. Rudia kusoma hapo. Lenzi ya bei nafuu kwenye fremu ndogo imeishinda ya bei mbaya kwenye fremu kubwa. Ukiweka 1.67 kwenye hiyo ndogo, unashuka hadi kama milimita 4.

Juzi kijana wa bodaboda wa Magomeni alinibishia nusu saa. Alitaka ile miwani iliyojikunja kufuata uso, ambayo kwa minasi kubwa ndiyo mbaya kuliko zote: ukingo unanenepa na picha inapinda pembeni. Maneno yakaniishia. Nikamvalisha, nikachukua kalamu ya wino, nikaweka nukta mbele ya kila mboni kwenye zile plastiki za maonyesho, kisha nikamvua nikamkabidhi aangalie mwenyewe. Nukta zimebanana puani, upande wa sikio umebaki uwanja mtupu. "Huo uwanja, mdogo wangu, ndio unene wako." Akairudisha kwenye rafu bila neno. Aliondoka na fremu ndogo ya plastiki yenye kingo nene, inayomeza ukingo wa lenzi, na lenzi ya 1.60.

Ndiyo, 1.60, na ushauri huo siuachi. Kwenye 1.67 na 1.74 vitu vinaanza kuonekana na kingo za rangi ukitazama kwa pembeni, na 1.74 yenye polaraizi (kichujio cha kukata mng'ao) ni adimu, utaisubiri. Kama pesa inakuwasha, iweke kwenye kupaka dawa ya kuzuia mng'ao upande wa ndani wa lenzi, maana jua likikupiga kwa nyuma unaona jicho lako mwenyewe kwenye kioo.

Mengine nayapitia haraka. "Nyeusi sana ndiyo inakinga." Hapana. Weusi unapunguza mwanga tu. Kinga ya mionzi ya UV, ile miale ya jua isiyoonekana, ni jambo jingine, na lenzi nyeupe kabisa inaweza kuwa nayo. Nyeusi isiyo na kinga ni hatari zaidi, kwa sababu mboni inatanuka gizani na kuikaribisha mionzi. Polaraizi nayo si jina jingine la kinga ya UV. Kazi yake ni kukata mng'ao unaoruka kutoka kwenye vitu vilivyolala, kama maji, lami na boneti ya gari. Panda kivuko cha Msangamkuu saa sita mchana ukiwa nayo, utaona maji badala ya kioo.

"Zile zinazobadilika rangi zinatosha kwa dereva." Kioo cha mbele cha gari kinazuia sehemu kubwa ya UV inayozibadilisha, kwa hiyo ndani ya gari zinabaki karibu nyeupe. Tena joto linazifanya zisiive vizuri, na joto la hapa mnalijua.

"Miwani ya jua itashusha namba." Haishushi. Ukiwa na minasi sita kwenda juu na ghafla ukaona mimweko ya mwanga, vidoa vingi vinavyoelea au pazia jeusi, usije dukani kwangu, nenda kwa daktari wa macho siku hiyohiyo.

Na aliyenirudishia miwani ya polaraizi wiki jana akisema zimemharibia simu, kioo kimekuwa cheusi: nilimwambia ailaze simu ubavu. Ikawaka.